Sibadilishi si haibadiliki: upande wa pili wa const





Kila tunapozungumzia programu ya kukagua tahajia za Kiswahili, na tangu Jambo OpenOffice itoke pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 tumeizungumzia sana, hakosi mtu wa kuuliza iandikwe kwa lugha gani ya kompyuta. Jibu linalopendwa siku hizi ni hili: lugha yoyote itafaa, mradi kila kitu kifungwe. Const huku, immutable kule. Kisichobadilika hakiharibiki, wanasema. Mimi nakubaliana na nusu ya jibu hilo. Nusu iliyobaki huwagharimu watu miezi ya kazi, na kwa kuwa baadhi yenu mmeshaonyesha nia ya kuanza kuandika, afadhali tuizungumze sasa kabla msimbo haujawa mrefu.

Kwa wale ambao fani yao ni isimu au fasihi na si mashine, maelezo mafupi. Programu huhifadhi mambo yake katika vigeu, na jina lenyewe linajieleza: ni sehemu za kumbukumbu ambazo thamani yake hugeuka. Katika lugha kama C na C++, ambazo ndizo zinazotumika kuandikia mifumo ya uendeshaji, kivinjari cha intaneti na vitu vingine vinavyohitaji kasi, mwandishi anaweza kuweka neno const mbele ya kigeu au mbele ya aina yake. Kuanzia hapo, ukijaribu kukiandikia juu, kompaila inakataa. Programu haitoki mpaka urekebishe. Ni kama mlinzi wa mlangoni: hana ubishi, na wala halali.

Jambo zuri, si ndiyo? Sasa tuangalie huyo mlinzi analinda nini hasa.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Sisi tunatofautisha "sibadilishi" na "hakibadiliki". La kwanza ni habari ya msemaji: mimi, mwenye kukishika kitu hiki, sitakigusa. La pili ni habari ya kitu chenyewe: kwa namna kilivyo, hakigeuki, awe nani aliyekishika. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua tofauti hiyo kwa viambishi tu, -ish- na -ik-, bila hata kufikiria. Waundaji wa lugha za kompyuta wamekuwa wakiichanganya kwa zaidi ya miaka arobaini.

Const ya C++ ni sibadilishi. Funksheni ikipokea pointa ya kitu chenye const, imeahidi kwamba yenyewe haitakibadilisha kupitia pointa ile. Haikusema kwamba kitu hicho hakitabadilika. Jirani mwenye pointa nyingine isiyo na const anaweza kukibadilisha muda huohuo, na sheria haikuvunjwa. Ushahidi mzuri zaidi uko kwa wanaoandika programu za vifaa: wanaweza kuandika const volatile, maneno mawili pamoja, kwa ajili ya rejista ya kifaa. Maana yake: mimi siruhusiwi kuandika hapa, lakini thamani yake inaweza kubadilika wakati wowote kwa sababu kifaa chenyewe kinaibadilisha. Thabiti inayogeuka kila sekunde! Ni halali kabisa, na wahandisi wanaitumia kila siku.

Inasikitisha kwamba jina la mwanzo lilikuwa bora zaidi. Januari 1981 Bjarne Stroustrup, akiwa Bell Labs, alipendekeza kitu hiki kwa jina la readonly, yaani kusoma tu, pamoja na mwenzake wa kuandika tu. Huyo wa pili hakuishi. Wa kwanza alibadilishwa jina akawa const, akaingia C++, kisha akaingia katika kiwango cha ANSI cha lugha ya C cha mwaka 1989. "Kusoma tu" lingewaambia watu ukweli: huyu msomaji hana kalamu. "Const" limewaambia kwamba kitabu chenyewe ni cha mawe. Dennis Ritchie, baba wa C, aliiandikia kamati ya kiwango mwaka 1988 akipinga pendekezo jingine kabisa, na humo akadokeza kwamba hata hizi const na volatile hajashawishika kuwa faida yake inatosha kulipia uzito wake. Wengi wanaikumbuka barua ile kwa lile pendekezo alilolipinga. Mimi naikumbuka kwa dokezo hilo.

Kutokana na mkanganyiko huu inatoka imani ya kwanza potofu: kwamba const huifanya programu iende kasi. Kompaila, eti, ikijua kitu hakibadiliki itafupisha njia. Ingekuwa kweli kama const ingemaanisha hakibadiliki. Lakini kwa kuwa ni sibadilishi tu, kompaila haiwezi kuitegemea inapoona pointa: pengine jirani amebadilisha. Inabidi irudi kusoma kumbukumbu upya kana kwamba neno const halikuandikwa. Faida ya kasi ipo pale tu ambapo kitu kimezaliwa na const, si pale kilipopitishwa kwa msomaji kwa const.

Haya, tuje kwenye kamusi yetu.

Chukua neno hawatanipigia. Mkaguzi hawezi kulikuta katika orodha ya maneno, kwa sababu hakuna orodha itakayoweza kubeba kila umbo la kila kitenzi cha Kiswahili. Lazima alichambue: ha-wa-ta-ni-pig-i-a. Kikanushi, nafsi, njeo, yambwa, mzizi, kauli ya kutendea, kiishio. Kila hatua ina njia kadhaa za kujaribiwa na nyingine hurudishwa nyuma. Ni kazi, na katika makala ya gazeti maneno yaleyale hurudi mara nyingi. Kwa hiyo mwandishi yeyote mwenye akili ataweka akiba ya majibu: neno likishachambuliwa mara moja, jibu lake lihifadhiwe, na mara ya pili lichukuliwe palepale.

Sasa, katika C++, funksheni ya kutafuta neno kwa desturi tungeitangaza hivi:

Maana tafuta(Neno n) const;

Ile const ya mwisho inaahidi kwamba kutafuta hakuibadilishi kamusi. Kwa mtumiaji huo ndio ukweli: nikifungua kamusi kutafuta maana ya "mchakamchaka", kamusi haikuongezeka wala kupungua neno. Lakini kwa mashine, akiba imeandikwa ndani ya kamusi, kwa hiyo kumbukumbu imebadilika. Kompaila inakataa. Nani mwongo hapa? Hakuna. Pamejitokeza maana ya tatu, ambayo si sibadilishi wala haibadiliki: haionekani kubadilika.

C++ ililikubali jambo hili na ikatoa neno mutable. Ukiliweka kwenye akiba, unamwambia mlinzi: sehemu hii usiiangalie. Wapo wanaoliona ni aibu, kama kutoboa tundu kwenye ukuta uliojenga mwenyewe. Mimi sioni aibu, ila naona gharama. Programu za leo hugawa kazi katika nyuzi kadhaa zinazokwenda sambamba, na maktaba ya kawaida ya C++ tangu kiwango cha mwaka 2011 huchukulia kwamba funksheni yenye const inaweza kuitwa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja bila madhara. Herb Sutter alilisemea sana hili mwaka 2013. Wewe umeandika const, nyuzi mbili zinakagua sura mbili za kitabu kimoja, zote zinaita tafuta, zote zinaandika kwenye akiba ileile, na akiba inavurugika. Tena haivurugiki kila siku. Inavurugika Alhamisi moja kati ya kumi, na mtu anayetafuta kosa atasoma ile const na kusema, hapa si penyewe, hapa hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo ukitumia mutable sharti uweke na kufuli, na kufuli nalo lina bei yake kwenye kila utafutaji.

Lugha ya D ilikwenda njia nyingine, na kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Walter Bright aliianza mwaka 1999. Mwaka 2007, katika toleo la pili, yeye na wenzake waliamua kuumaliza mkanganyiko kwa kutenganisha maneno. Const ikabaki kuwa sibadilishi. Likaongezwa neno jingine, ambalo baadaye liliitwa immutable, kwa maana ya hakibadiliki: hakuna mtu yeyote mwenye ruhusa. Hadi hapo nawapigia makofi, wangekuwa Waswahili wasingefanya vizuri zaidi. Kisha wakaongeza sharti kwamba ahadi inashuka hadi chini. Katika C++, kitu chenye const kikiwa na pointa ndani yake, pointa haisogei lakini kinachoelekezwa nayo kinaweza kuandikwa. Katika D, kila unachoweza kukifikia kupitia kitu chenye const nacho ni const, mpaka mwisho wa mnyororo. Na mutable hakuna. Ukiiondoa const kwa nguvu kisha ukaandika, lugha haikupi dhamana yoyote ya kitakachotokea.

Sababu yao ni ya haki, tusiwaonee. Kitu cha immutable kinaweza kushirikiwa na nyuzi zote bila kufuli, na funksheni inayopokea const haijui kama imepewa kitu cha kawaida au cha immutable. Ungeruhusu akiba iandikwe kisirisiri humo, dhamana nzima ingevunjika. Mantiki imekamilika. Tatizo ni kwamba kamusi yetu imeshindwa kuandikwa. Ama tafuta isiwe na const, na hapo kila anayeishika kamusi kwa const hawezi kutafuta neno; ama akiba iondolewe, na kila hawatanipigia ichambuliwe upya.

Mfano mwingine, kwa mliopitia chuoni. Mtoto anayesoma msahafu huweka kidole, au kijiti, chini ya herufi. Herufi hazibadiliki na ole wake atakayezibadilisha. Kidole kinasogea. Tungo za D zimeundwa kwa namna hiyohiyo: herufi ni immutable, lakini kipande kinachoonyesha wapi tumefika kinaweza kusogezwa, na kwa tungo za kawaida mambo yanakwenda sawa. Shida inaanza pale unapojitengenezea msomaji wako mwenyewe, muundo wenye kidole na herufi pamoja, kisha mtu akaupokea kwa const. Ahadi inashuka hadi chini, na kidole nacho kinaganda. Unaruhusiwa kuitazama herufi ya kwanza tu, milele. Hakuna namna rahisi ya kusema "herufi zisiguswe, kidole kiende". Kwa vitu vya klasi maktaba yao ina kifaa maalumu cha kuzungukia jambo hili, kiitwacho Rebindable, na kuwepo kwa kifaa hicho ni ushahidi tosha.

Kuna na kichekesho cha hesabu. Katika programu za mifumo, ambako mara nyingi hatutaki mfagiaji wa kumbukumbu anayesimamisha kazi, njia moja ya kujua lini kitu kifutwe ni kuhesabu wanaokishika. Akija mmoja hesabu inapanda, akiondoka inashuka, ikifika sifuri kitu kinafutwa. Hesabu hiyo ikikaa ndani ya kitu na kitu chenyewe ni immutable, huwezi kuibadilisha. Yaani kitu kisichobadilika hakiwezi kujua kwamba kimebaki peke yake.

Na waliojenga nyumba wenyewe walipata tabu ya kuishi humo. Katika D klasi zote hurithi kutoka klasi moja ya asili, Object, yenye funksheni nne za msingi: kujieleza kwa maandishi, kulinganisha usawa, kupanga utangulizi na kutoa namba ya hashi. Klasi hiyo ilikuwepo kabla ya const, na funksheni zake hazikuwa na const. Kwa hiyo ukiwa na kitu chenye const huwezi hata kukiomba kijieleze kwa maandishi. Zikiongezewa const, basi kila klasi duniani inayohifadhi akiba ndani ya mojawapo ya funksheni hizo inavunjika. Walibishana miaka. Mwaka 2012 wakakata shauri kuziondoa zote nne kutoka Object, na hilo halikutekelezwa, maana lingevunja programu za watu wengi mno. Kwa miaka mingi sehemu ya ndani ya lugha yenyewe, ilipotaka kulinganisha vitu viwili vyenye const, iliivua const kwa nguvu ili iweze kufanya kazi. Hao ndio watunga sheria.

Siwacheki. Nataka tuone tu kwamba const haiongezwi baadaye kama chumvi mezani. Inaambukiza. Ukiitia kwenye funksheni moja, kila inayoitwa nayo lazima iwe nayo, na zinazoitwa na hizo, mpaka ukutane na maktaba ya mtu mwingine asiyeijali. Hapo unaivua kwa nguvu, na ahadi yote uliyoijenga siku tatu imeishia kwenye mstari mmoja wa uongo. Maktaba ya C yenyewe imeishi na uongo huo tangu 1989: funksheni ya strchr inapokea tungo yenye const, inatafuta herufi, kisha inakurudishia pointa isiyo na const ya ndani ya tungo ileile. Umeingia bila kalamu, umetoka nayo. Ilibidi kungoja kiwango cha C23 ndipo ikawekwa namna ya kurudisha const ikiwa ilikuwepo. Na ile free ya kurudisha kumbukumbu haipokei pointa yenye const bila kulazimishwa, wakati kernel ya Linux iliamua kwamba kfree yake iipokee. Wakubwa wawili, majibu mawili, kwa swali moja: je, kukiangamiza kitu ni kukibadilisha? Wanafalsafa mliomo humu, karibuni.

Kuna na kero ya kuandika kitu mara mbili. Funksheni inayokupa neno kutoka kwenye kamusi, unataka ikupe la kusoma tu ukiwa msomaji, na la kuhariri ukiwa mhariri. Mwili wa funksheni ni uleule, herufi kwa herufi, ila mmoja una const. Scott Meyers, katika toleo la 2005 la kitabu chake Effective C++, anafundisha kuandika ule wenye const kisha wa pili uuite na kuivua const, ndipo uepuke kurudia. Fundi mwenye heshima zake anakufundisha kutumia patasi kama nyundo kwa sababu nyundo haipo. C++23 imeleta nafuu. D ina neno lake inout kwa kazi hiyo. Rust nayo ina get na get_mut, iter na iter_mut, mapacha kila mahali. Waliotunga Go waliliona jambo hili mapema: lugha yao, iliyotangazwa mwaka 2009, ina thabiti za namba, tungo na thamani za kweli au si kweli tu, na haina ahadi ya kusoma tu. Mwaka 2013 lilipoletwa pendekezo la kuongeza vipande vya kusoma tu, Russ Cox alilipima, na kurudufika kwa funksheni kukawa moja ya sababu kubwa za kulikataa.

Nimeitaja Rust, na wapenzi wake watanirushia mawe nisipoendelea. Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, huanza na kufunga: kigeu hakigeuki mpaka uandike mut. Lakini sheria yake ya kweli siyo ya kubadilika, ni ya upweke. Ama wasomaji wengi, ama mwandishi mmoja akiwa peke yake. Niko Matsakis, mmoja wa waliojenga lugha hiyo, aliliona hilo mwaka 2014 na kupendekeza neno mut lipunguziwe kazi, kwa kuwa pointa ya aina ile kwa hakika inamaanisha "niko peke yangu", siyo "naweza kubadilisha". Wenzake wakaja juu, pendekezo likakataliwa. Mimi bado naona alikuwa na haki. Ushahidi ni kwamba Rust imelazimika kuwa na Cell, RefCell na Mutex, vyombo vya kubadilishia kitu kupitia mlango wa wasomaji. Akiba ya kamusi yetu ingekaa kwenye RefCell. Ila ukaguzi sasa umehama: kompaila imekwisha kwenda zake, na kosa lako litagunduliwa programu ikiwa inakimbia, kwa kuanguka. Tena jihadharini na const ya Rust yenyewe, maana hiyo hunakiliwa kila inapotajwa: ukiweka kihesabio cha Cell ndani ya const, kila unapokitaja unapata kipya chenye thamani ya mwanzo. Unaongeza, unaongeza, na jibu ni sifuri. Inayotakiwa hapo ni static, tena yenye kihesabio cha aina inayoruhusiwa kushirikiwa na nyuzi.

Kabla sijamaliza, kuna hasara moja ya const ambayo si ya wataalamu peke yao, na sisi tunaoishi Uingereza tumeilipia. Nayo ni kuziita thabiti zile namba ambazo serikali imezitulia tu kwa muda.

VAT ya hapa ilikuwa asilimia 17.5 tangu mwaka 1991. Kijana aliyeanza kazi mwaka 1992 alifanya kazi miaka kumi na sita bila kuiona ikitikisika, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuandika const. Tarehe 1 Desemba 2008 ikawa 15. Tarehe 1 Januari 2010 ikarudi 17.5. Tarehe 4 Januari 2011 ikawa 20. Huko nyumbani nako: Tanzania ilitoka 20 kwenda 18 mwezi Julai 2009, na Kenya ilitoka 16 kwenda 14 Aprili 2020, kisha ikarudi 16 Januari 2021.

Tuchukue duka la vyakula kule Coventry Road, Small Heath, lenye programu ya stakabadhi iliyoandikwa kwa C++. Unga na mchele havitozwi, asilimia ni sifuri, lakini peremende, soda na bisi zinatozwa. Kiwango kimeandikwa kwa const katika faili la matangazo linalosomwa na sehemu zote mbili, maktaba ya hesabu na programu ya mashine ya malipo. Kompaila ikiona const kama hiyo haiendi kuisoma kumbukumbu. Inachukua namba na kuichonga ndani ya kila mahali ilipotajwa. Siku serikali inapobadilisha, fundi anahariri faili, anakompaili maktaba na kuipeleka dukani. Programu ya malipo haikukompailiwa upya, kwa hiyo ina 17.5 iliyochongwa ndani yake, wakati maktaba ina 15. Stakabadhi moja, viwango viwili. Hapo mwenye duka hatajali kama ni sibadilishi au haibadiliki, atajali barua ya HMRC. Kiwango cha kodi ni jambo lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mahali pake ni kwenye faili la takwimu, mstari mmoja kwa kila kipindi, kusudi hata stakabadhi ya Novemba 2008 ikitakiwa leo ihesabiwe kwa kiwango chake.

Kwa ufupi basi, kamusi ningeiandikaje? Ningeiacha wazi wakati wa kupakia maneno kutoka kwenye faili, bila const yoyote, kisha niifunge mara moja na kuwagawia wakaguzi wote kwa kusoma tu. Akiba ya majibu nisingeiweka ndani ya kamusi. Ningempa kila mkaguzi akiba yake, kila uzi wa kwake, nje kabisa. Kumbukumbu itatumika zaidi, maana hawatanipigia itahifadhiwa mara nne kama kuna nyuzi nne, lakini kufuli halihitajiki, mutable haihitajiki, na ile const ya tafuta inakuwa kweli kwa maana zote tatu. Ndani ya muundo wa Neno nisingeandika shina kwa const, japo vitabu vingine vinashauri, kwa sababu muundo wenye kiungo cha const katika C++ hauwezi kupewa thamani nyingine, na orodha yake haipangiki kialfabeti. Hata kuuhamisha badala ya kuunakili hakufanyiki kama ulivyotaka: kiungo kile kinanakiliwa kimyakimya, kompaila haisemi kitu, na programu inakuwa nzito bila mtu kujua kwa nini.

Yakija maneno mapya, kwa mfano BAKITA wakitoa istilahi zao, sipachiki neno ndani ya kamusi iliyokwisha kufungwa. Natengeneza toleo jipya kando na kubadilisha pointa moja tu, ile inayosema kamusi ya leo ni ipi. Wakaguzi waliomo katikati ya sura wanamaliza na toleo la zamani, nalo linafutwa akiondoka wa mwisho. Hesabu ya waliolishika, kwa kutumia shared_ptr ya C++, inakaa kwenye kijisanduku pembeni na siyo ndani ya kamusi, kwa hiyo kile kichekesho cha D hakinihusu. Bei yake ni kwamba kwa dakika kadhaa kamusi mbili nzima zinakaa kwenye kumbukumbu. Kwa kompyuta za hapa si kitu. Kwa simu ya bei nafuu huko Kahama au Goma ni kitu, na hapo pengine afadhali kuzuia wakaguzi kwa nusu sekunde, kupachika maneno mapya moja kwa moja, na kuendelea. Aliye na vipimo kutoka kwenye simu za namna hiyo atuwekee.

Naomba kuwasilisha.